Maneti ya Wii iwe kipanya cha kompyuta: tengeneza taa kwanza

Watu wengi wanaonunua maneti (kidhibiti cha mkononi) ya Wii, mashine ya michezo ya video ya Nintendo, kwenye meza za vitu vya mtumba hapa Lubumbashi, iwe kandokando ya soko la Mzee Kabila au kule kwenye komyuni ya Kenya, huanzia mwisho. Wanaiunganisha na kompyuta, wanaipunga hewani, kishale kinabaki palepale, na kesho yake wanamrudia muuzaji kwa ugomvi. Mara nyingi maneti ni nzima. Kinachokosekana ni cha kutazama: nukta mbili za mwanga mbele yake. Ndiyo maana hapa tunaanza na taa, kompyuta itasubiri.

Inavyoona

Wii ya Nintendo ilitoka Novemba 2006, na sifa iliyovuma ni kwamba maneti yake inahisi mwendo wa mkono. Ni kweli inahisi. Ndani kuna kipima mtikisiko cha ADXL330, kazi ya kampuni ya Analog Devices. Lakini hicho kinajua tu kwamba umeinamisha au umetikisa. Hakijui kama umeelekeza dirishani au mlangoni. Jairoskopu, yenye kupima mzunguko, ilikuja baadaye: mwaka 2009 kama kipande cha kuchomeka kwa chini kiitwacho MotionPlus, kisha 2010 ndani ya Wii Remote Plus. Nayo ukiiachia kazi peke yake, kishale huanza kutambaa chenyewe polepole.

Kinachoelekeza kishale ni kamera ndogo ya PixArt, iliyojificha nyuma ya plastiki nyeusi ya mbele. Haipigi picha. Inatafuta nukta zinazong'aa kwa miale ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni, mwisho nukta nne, na kuituma kompyuta mahali pa kila nukta kwenye ramani ya 1024 kwa 768, takriban mara 100 kwa sekunde. Ni sawa na mtu anayejipima kwa bomba refu la moshi la kiwanda cha Gécamines: ukiliona upande wako wa kushoto, unajua uso wako umegeukia kulia kwake. Maneti inafanya hesabu hiyohiyo, na ndiyo sababu baadaye kwenye programu tutageuza kushoto kuwa kulia.

Ule ufito mweusi unaokaa juu ya televisheni, ambao Nintendo wanauita "sensor bar", hauhisi chochote. Ni taa tu: diodi tano za infraredi kila upande, na waya wa kuleta umeme. Ukiupata pamoja na maneti, usiushangilie sana. Plagi yake ni ya Wii, haiingii kwenye USB, na kuufungua ili kubadilisha waya kunakupa kazi karibu sawa na kutengeneza mpya.

Kabla ya kulipa

Mezani, omba pile (betri) mbili za AA. Fungua mfuniko wa nyuma uangalie vile vibati vya kugusia pile: kutu ya kijani inakwanguka, lakini kibati kilicholiwa hakirudi. Bonyeza 1 na 2 kwa pamoja. Taa nne za buluu zikimetameta, ubongo ni mzima. Kisha tazama plastiki nyeusi ya mbele. Ikiwa imechubuka hadi kuwa kama ukungu, iache, kwa sababu hilo ndilo jicho. Zipo pia za kuigiza, zenye umbo lilelile. Baadhi hufanya kazi vizuri na Wii lakini hukataa kompyuta, kwa hiyo kama muuzaji ana simu ya Android, mwambie atafute vifaa vya Bluetooth wakati taa zinametameta. Jina liwe Nintendo RVL-CNT-01, au hilohilo lenye TR mwishoni kwa zile za baadaye. Yenye TR haina shida kwenye Linux. Kwenye Windows inasumbua zaidi. Nunchuk, ile ya mkono wa pili, huihitaji.

Taa

Jaribio la haraka halihitaji kulehemu. Mishumaa miwili, uiweke sentimita 20 kutoka mmoja hadi mwingine mbele ya kompyuta, inatosha, maana ndimi za moto zina infraredi tele. Umeme ukikatika na kompyuta yako bado ina chaji, umeshapata maabara. Weka mishumaa mbali na pazia na skrini, na usitarajie utulivu: moto ukicheza na upepo, kishale nacho kinacheza.

Kwa kazi ya kweli, tafuta telekomandi mbovu za televisheni. Kila moja ina diodi moja au mbili za infraredi kwenye pua, na unahitaji nne. Fundi wa redio atakushangaa ("Yaya, hizi zilishakufa, unazitakia nini?") na kwa kawaida atakupa kwa bei ya soda. Chukua kwake pia rezistansi (kipande cha kupunguza umeme) mbili za om 120, zenye mistari ya kahawia, nyekundu, kahawia, na kebo ya USB ambayo kichwa chake cha simu kimeharibika.

Kwa nini 120? USB inatoa volti 5. Diodi ya infraredi hutumia karibu volti 1.3, hivyo mbili zikifuatana zinachukua 2.6, zinabaki 2.4. Tukitaka miliampea 20, ambazo diodi hizi huvumilia siku nzima, 2.4 gawanya kwa 0.02 ni 120. Ukikosa 120, yoyote iliyo juu yake hadi 150 inafaa, mwanga utapungua kidogo tu. Usiunganishe diodi na USB bila rezistansi. Itaungua kabla hujaweka chini chuma cha kulehemea.

Kata kebo, menya ganda. Nyaya zinazokuhusu ni nyekundu, yaani chanya, na nyeusi, yaani hasi; nyeupe na kijani ni za data, zikate fupi na uzifunge kwa utepe zisigusane. Kwa kila upande wa ufito: waya mwekundu uingie kwenye rezistansi, rezistansi kwenye mguu chanya wa diodi ya kwanza, mguu hasi wa hiyo kwenye mguu chanya wa diodi ya pili, na ya pili irudi kwenye waya mweusi. Diodi mpya ina mguu chanya mrefu. Ya kung'olewa miguu yake imeshakatwa, kwa hiyo papasa ukingo wa kichwa chake: palipo bapa ndipo hasi. Panga jozi moja mwisho wa ubao mdogo na jozi nyingine mwisho wa pili, sentimita 20 katikati. Rula ya shule ya plastiki inafanya ubao mzuri.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hawalifikirii: diodi za telekomandi hutupa mwanga wake kwa mbele, kwenye mkondo mwembamba. Ukisogea pembeni ya chumba, maneti haizioni. Sugua ncha ya kila diodi kwa msasa laini mpaka kichwa chake cha mviringo kiwe bapa na chenye ukungu, mwanga utatawanyika. Usifike kwenye waya wa ndani.

Chomeka, kisha tazama kwa kamera ya simu. Macho hayataona kitu, lakini kwenye skrini ya simu diodi zitang'aa kwa rangi ya zambarau au nyeupe. Kamera ya nyuma ya baadhi ya simu huchuja infraredi, hivyo ukiona giza jaribu ile ya selfi kabla ya kuanza kulaumu kazi yako. Nuru ikikosekana upande mmoja, umegeuza diodi mojawapo. Na ukitumia pawabanki badala ya kompyuta, ujue kwamba nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na ufito huu wote unakula miliampea 40 tu. Bandari ya USB ya kompyuta au chaja ya simu haina tabia hiyo.

Weka ufito juu au chini ya skrini, katikati. Sasa ondoa wapinzani. Jua la mchana likiingia dirishani nyuma ya skrini linaifunika kamera kabisa. Balbu za zamani za waya, zile zinazopata moto, ni nukta ya tatu. Mbabula (jiko la makaa) yenye makaa mekundu pembeni ya chumba ni nukta ya tatu, ya nne na zaidi, na kishale kitarukaruka hata kama kila kitu kiko sawa. Meza ya kioo au vigae vinavyong'aa chini ya ufito vinarudisha taswira ya diodi, tandika kitambaa.

Kuunganisha

Nitatumia Linux, Ubuntu au Mint, kwa sababu kernel yake, yaani kiini cha mfumo, inaitambua maneti hii tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011. Kompyuta isiyo na Bluetooth itahitaji adapta ndogo ya USB.

Fungua terminali, andika `bluetoothctl`, kisha mistari hii mmoja mmoja: `power on`, `agent on`, `scan on`. Fungua mfuniko wa pile na ubonyeze kitufe chekundu kilichomo ndani. Tumia hicho, si 1 na 2, kwa sababu 1 na 2 ni muungano wa kupita tu, ila chekundu huandika undugu wa kudumu. Jina la Nintendo likitokea na anwani yake, andika `pair`, nafasi, kisha herufi mbili za mwanzo za anwani, na bonyeza Tab ijikamilishe. Kwenye kibodi ya AZERTY utashukuru kutoandika zile tarakimu zote. Fuatisha `connect` na `trust` kwa anwani ileile. Una kama sekunde 20 kabla taa hazijazimika. Zikizimika, bonyeza chekundu tena, hakuna kilichoharibika.

Kama inaungana na kukatika papo hapo, sababu huwa ni ulinzi ulioongezwa mwishoni mwa 2023 kwenye BlueZ, programu ya Bluetooth ya Linux. Fungua kwa sudo faili `/etc/bluetooth/input.conf`, weka `ClassicBondedOnly=false`, kisha `sudo systemctl restart bluetooth`. Hii inalegeza mlango kidogo: kompyuta itakubali kibodi na vipanya visivyo na undugu. Kwenye kompyuta ya ofisi yenye watu wengi, rudisha `true` ukimaliza kazi.

Hakikisha kwa `cat /proc/bus/input/devices`. Utafute jina "Nintendo Wii Remote IR". Likiwepo, jicho liko tayari.

Programu

Zipo programu za watu, lakini nyingi zimezeeka na hazipatikani tena kwenye maghala ya Ubuntu mpya. Hii fupi unaiandika mwenyewe na unaielewa. Sakinisha `sudo apt install python3-evdev`, kisha hifadhi haya kwenye faili liitwalo `kipanya.py`:

```
import select
from evdev import InputDevice, UInput, AbsInfo, list_devices, ecodes as e

vifaa = {d.name: d for d in map(InputDevice, list_devices())}
jicho = vifaa["Nintendo Wii Remote IR"]
vitufe = vifaa["Nintendo Wii Remote"]

badili = {e.BTN_A: e.BTN_LEFT, e.BTN_B: e.BTN_RIGHT,
          e.KEY_NEXT: e.KEY_PAGEDOWN, e.KEY_PREVIOUS: e.KEY_PAGEUP}

kipanya = UInput({
    e.EV_KEY: list(badili.values()),
    e.EV_ABS: [(e.ABS_X, AbsInfo(512, 0, 1023, 0, 0, 0)),
               (e.ABS_Y, AbsInfo(384, 0, 767, 0, 0, 0))]},
    name="kipanya-wii")

panua, tuliza = 1.4, 0.3
p, x, y = {}, 512, 384

while True:
    for d in select.select([jicho, vitufe], [], [])[0]:
        for t in d.read():
            if t.type == e.EV_KEY and t.code in badili:
                kipanya.write(e.EV_KEY, badili[t.code], t.value)
                kipanya.syn()
            elif d is jicho and t.type == e.EV_ABS:
                p[t.code] = t.value
            elif d is jicho and t.type == e.EV_SYN:
                x1 = p.get(e.ABS_HAT0X, 1023)
                x2 = p.get(e.ABS_HAT1X, 1023)
                y1 = p.get(e.ABS_HAT0Y, 1023)
                y2 = p.get(e.ABS_HAT1Y, 1023)
                if 1023 in (x1, x2):
                    continue
                mx = 512 + (512 - (x1 + x2) / 2) * panua
                my = 384 + ((y1 + y2) / 2 - 384) * panua
                x += (min(max(mx, 0), 1023) - x) * tuliza
                y += (min(max(my, 0), 767) - y) * tuliza
                kipanya.write(e.EV_ABS, e.ABS_X, int(x))
                kipanya.write(e.EV_ABS, e.ABS_Y, int(y))
                kipanya.syn()
```

Endesha `sudo modprobe uinput`, halafu `sudo python3 kipanya.py`. Elekeza maneti katikati ya ufito. Kishale kitakuja.

A ni kubofya kwa kushoto, na B, ile ya chini ya kidole, ni kwa kulia. Alama ya kujumlisha inasukuma slaidi mbele, ya kutoa inarudisha nyuma. Ukipanda kishale kikashuka, badilisha mstari wa `my`: weka alama ya kutoa mahali pa ile ya kujumlisha iliyo baada ya 384.

Namba mbili za kuchezea ni `panua` na `tuliza`. Kamera inaona pembe ya karibu digrii 33 kwa upana, na lazima nukta zote mbili zibaki ndani yake, hivyo wastani wake haufiki kamwe ukingoni. Ukikaa mita 1 kutoka kwenye ufito, nukta zenyewe zinakula kama theluthi ya upana huo, na bila kupanua usingefikia kitufe cha kufunga dirisha kule kona. Ukikaa mita 3, 1.2 inatosha na mkono unakuwa sahihi zaidi. `tuliza` ikishuka hadi 0.15 kishale kinakuwa kizito lakini hakitetemeki. Kwa mzee ambaye mkono wake unatikisika, au kwa anayesimama akihutubia, hiyo ndiyo ya kutumia. Mtu mwenye haraka aweke 0.5.

Programu hii haipimi mkono uliopinda. Ukilaza maneti ubavu, kishale bado kinafuata wastani wa nukta mbili lakini njia zake zitakuwa zimepinda. Ishike bila kuipinda, vitufe vikitazama dari.

Kwa wenye Windows

Kwa ufupi tu, maana hapa njia ni ya mabonde. Usipite kwenye ukurasa mpya wa Bluetooth, kwa kuwa utakudai nambari ya siri ambayo huwezi kuiandika. Kwenye Windows 10 pita Panneau de configuration, Périphériques et imprimantes, Ajouter un périphérique. Dirisha la nambari likija, liache tupu na ubonyeze Suivant. Taa zitaendelea kumetameta mpaka programu izishike. Touchmote ni ya bure na inageuza maneti kuwa kidole cha kugusa skrini. GlovePIE ya Carl Kenner ni ya zamani zaidi na inakutaka uandike mistari yako mwenyewe. Ikikushinda, weka Linux kwenye ufunguo wa USB (flashi) na uanzishie kompyuta hapo; kwa mafunzo ya Jumamosi moja ni rahisi kuliko kupigana na viendeshi.

Inafaa wapi

Kwa hesabu za Excel hapana. Mkono hewani unachoka, na kila ukibonyeza A ncha ya maneti inashuka kidogo, kwa hiyo kulenga kisanduku kidogo ni mateso. Kipanya cha kawaida kinashinda. Maneti inang'ara pale mtu alipo mbali na kompyuta: mwalimu anayezunguka katikati ya madawati, kijana anayeonyesha maneno ya nyimbo kanisani, fundi wa sherehe anayebadilisha video akiwa nyuma ya ukumbi.

Kuna pia matumizi ya kinyume, aliyoyaonyesha Johnny Chung Lee mwaka 2007 akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Yeye aliiacha maneti itulie mezani ikitazama picha ya projekta, akatia diodi ya infraredi kwenye ncha ya kalamu, na ukuta ukawa ubao wa kuandikia kwa mwanga. Hapo kinachotembea ni taa, si jicho. Inahitaji programu nyingine yenye kupima pembe nne za picha, lakini diodi ni hizihizi.

Kwa ukumbi mkubwa, ufito wa sentimita 20 hautoshi. Ukiwa mita 6 nyuma, nukta mbili zinakuwa zimebanana na hafifu, na kishale kinatetemeka hata ukituliza vipi. Sogeza jozi hadi sentimita 50 kati yake, ongeza kila upande jozi nyingine ya diodi na rezistansi yake ya om 120, na uweke ufito chini ya picha ya projekta, si karibu na projekta yenyewe: joto na taa yake ni nukta ya tatu. Ukimaliza, shikilia kitufe cha kuwashia cha maneti kwa sekunde chache mpaka taa ya buluu izimike, kisha toa pile, kwa sababu kamera ikisahaulika ikiwa imewaka huzimaliza kabla ya ibada inayofuata.